Msaragambo Chini ya Nyumba ya Bibi Liang

Kangle, Guangzhou
Oktoba 2006

Mpendwa Mama Nakiete,

Naomba radhi kwa kutokuandika tangu Pasaka. Sikuugua, wala sikukosa kalamu. Nilikosa namna ya kukueleza jambo hili. Je, goti lako limepata nafuu? Mvua za vuli zimeanza huko Usangi? Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha umri wangu.

Unajua kwamba nimepanga chumba kwa Bibi Liang, katikati ya karakana za cherehani. Nyumba yake ni ya zamani, imeinuliwa kwa hofu ya mafuriko, na chini ya sakafu palikuwa na uvungu wa kuingia kwa kutambaa tu. Mwezi wa Juni yeye na mumewe walianza kuuchimba ili wapate chumba cha chini. Walichimba kipande kwa kipande: hatua moja ya udongo, kisha matofali na zege chini ya msingi, kisha siku kadhaa za kungoja pakauke, ndipo wakasogea. Ilinipendeza kuona watu wasio na haraka katika mji huu.

Nawe unajua nilivyolelewa. Kwetu mtu hapiti penye msaragambo, penye kazi ya kusaidiana, mikono mitupu. Nilivua koti, nikashika ndoo. Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni kuchagua nguo, nilitoa udongo. Siku moja Bibi Liang alinisimamisha ukutani, akachora mstari wa chaki juu ya kofia yangu. Nilicheka, nilidhani anautania urefu wangu.

Wiki iliyopita chumba kilikamilika. Aliniita pamoja na Joramu, mfanyabiashara wa Moshi anayejua Kichina.

“Mwalimu, anasema ufunguo wako huu. Miaka mitatu.”

“Miaka mitatu ya nini?”

“Ya kupanga chumba hiki kiwe ghala lako! Anasema mtu habebi udongo wa nyumba asiyoitaka. Amewakataa wapangaji wawili kwa ajili yako.”

“Nilisaidia tu, Joramu. Ni msaragambo.”

“Basi mweleze msaragambo kwa Kichina, mzee wangu!” Akaangua kicheko. “Na kina chote hiki ni chako. Wao wenyewe, kwa ufupi wao, wangemaliza tangu Julai.”

Nilishuka. Nilisimama wima, na kofia kichwani, bila kugusa dari. Nikapanda tena bila ufunguo.

Nilikuahidi kwamba Desemba nitarudi nyumbani moja kwa moja, nisiondoke tena. Ufunguo sijauchukua, upo mezani kwa Bibi Liang, naye huupangusa vumbi kila asubuhi. Nikiukataa, nitakuwa nimewadanganya kwa mikono yangu watu walionitendea wema. Nikiupokea, nitakuwa nimekudanganya wewe kwa kinywa changu. Kwa miaka thelathini nimewafundisha watoto wa watu kusema wanachokimaanisha, nami nimeshindwa kumwambia mama huyu sentensi moja.

Nisalimie mama mkwe, na binti yetu Nakiete pamoja na mumewe. Msalimie pia shemeji Eliamini, fundi wetu. Uliniandikia kwamba anataka kuuinua mlango wa jiko, ule nilioujenga mwenyewe na ambao hadi leo naugonga kwa kichwa, nawe unasema, “Inama, Baba Nakiete, hapa si darasani.” Mwambie asiuguse kwanza, nataka kuinama hapo tena.

Siku nitakapomjibu Bibi Liang, nitakuandikia kabla sijavua viatu.

Mumeo,
Baba Nakiete