Matambara ya Heshima

Jumatatu, 4 Machi 1907
Leo Padri kanishangaza. Kaniletea shuka jipya chumba cha kushonea cha misheni, bado linanuka duka, akasema nilichane. Roho iliniuma! Kisha nilishone tena — viraka, nyuzi zining'inie, ila pindo la ndani liwe imara, mwili usionekane. Matambara ya heshima! Nikauliza ya nani. Akasema ni ya kupigia picha, nisijali. Mtu akiniambia nisijali, ndipo ninapoanza.

Jumanne, 5 Machi
Nimemaliza. Pindo nimelishona kwa mshono alionifundisha mama, ule wa kurudi nyuma. Haufumuki ng'o. Padri kayasifu matambara, kisha kayapaka majivu. Kazi yangu yote!

Alhamisi, 7 Machi
Mpishi wa misheni ana domo, lakini leo nilimtegea sikio. Eti kwa Padri ukutani kuna picha mbili za yule mwanamke anayefagia kanisa. Ya kwanza mchafu, nywele timutimu: kabla hajaokoka. Ya pili gauni jeupe, kitabu mkononi: baada. Watu wa ng'ambo wanaambiwa kati ya hizo mbili imepita miaka. Na kidole gumba kimefungwa kitambaa kilekile kote kuwili! Mpishi alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Matambara yangu yanamngoja nani?

Ijumaa, 8 Machi
Mama kaingia nyumbani anaimba. Kaitwa kesho kupigwa picha! "Mwanangu, hata nikifa mtabaki na sura yangu." Gauni la kanisani kalipiga pasi mara mbili. Mama huyu kabatizwa mimi sijazaliwa. Hata jirani hajapata kumwona bila kilemba. Nikamwambia asiende. Akanuna: eti naona wivu kwa kuwa sikuitwa. Nilitaka kumweleza ya mpishi, nikaishia kumtundikia gauni. Labda namsingizia Padri bure.

Jumamosi, 9 Machi
Si bure. Gauni la mama liko hapa misheni, mezani pangu pa kushonea, limekunjwa, na kilemba juu yake. Mwenyewe namwona dirishani — yuko uani kwenye kigoda, kichwa wazi, kavaa matambara. Kaambiwa ni kwa ajili ya Bwana, gauni atavaa baadaye. Padri kaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera. Kamwambia asitikisike!

Mama hatikisiki. Vidole tu. Vinapapasa pindo kwa ndani, polepole, vinafuata mshono ule wa kurudi nyuma. Vimesimama.

Ananiita. Jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo. Padri anamwambia anyamaze, picha itaharibika. Ananiita tena.