Kisahani Kwenye Kona

Jumatatu, 6 Januari
Samahani, daftari langu. Tangu tulipoanika matunda ya aprikoti juu ya paa sijakuandikia hata mstari. Mtoto, ng'ombe, barafu ya kuyeyusha tupate maji — siku inakwisha nimesimama.
Sasa niko mjini Leh, kambi ya kuchagua timu ya wanawake ya magongo ya barafuni. Jumapili majina yanasomwa. Mwanangu Kunzang nimemwacha kijijini na baba yake na mama mkwe. Ana mwaka na ushee. Maziwa yanavuja chini ya jezi.

Jumatano, 8 Januari
Nimepokonywa kisahani, huo mpira wetu bapa wa barafuni, tena, palepale kwenye mstari wa buluu, mlangoni mwa eneo la wapinzani. Kocha Rigzin akapuliza filimbi.
"Dada Yangdol, mbele yako wamejipanga kama ukuta, na wewe unapita katikati. Unaenda sokoni?"
Wenzangu wakacheka. Akasema nikitupe kona, nyuma ya goli, kisha tukikimbilie. Nikipokonywa mstarini, sote tuko mbele, nyuma hakuna mtu.
Ni kweli. Ila kwetu tunacheza bwawani, hakuna mbao ukingoni. Kisahani kikitoka kinazama kwenye theluji hadi masika. Mkono umekua ukijua hivyo: usiachie.

Ijumaa, 10 Januari
Mume wangu Namgyal kapiga simu. Mtoto anakohoa, uji wa tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa, anautema. Mama yake akamnyang'anya simu. "Mwanangu, hilo gongo ndilo litakuita mama?"
Ana haki ya kuchoka.
Mazoezini nikashikilia tena. Bao — dhidi yetu. Chorol, ninayelala naye chumba kimoja, ananiambia nabeba kisahani kama yai.

Jumamosi, 11 Januari
Mechi ya mwisho ya majaribio. Nilifika mstarini, wawili mbele yangu. Nikakitupa. Roho iliniuma kama nimekitupa kwenye theluji.
Kikagonga ubao, kikazunguka nyuma ya goli. Nilikuwa wa kwanza kufika. Sikupiga. Nikangoja — mabeki wote wawili wakanifuata mimi — Chorol akabaki peke yake mbele ya kipa. Pasi. Bao!
"Kumbe unasikia," kocha akasema. Basi.

Jumapili, 12 Januari
Jina langu limo. Tunabaki hapa hadi mashindano, mwisho wa mwezi.
Nikapiga nyumbani. Homa imeshuka, kikohozi bado. Mama mkwe: "Rudi Jumatano. La sivyo atanizoea mimi, usije kulia." Sikubishana. Nikamwambia, "Mama, nitakupigia tena jioni."
Chorol anasema chumba chetu kina jiko la kuotea moto, na shangazi yake yuko karibu, atamshika mtoto saa za mazoezi. Nikamwendea kocha kumwomba mtoto aletwe.
"Na akilia?"
"Atalia."
Akakuna kidevu. Hajasema ndiyo, hajasema hapana.
Basi la kijijini linakuja Jumatano. Naandika hapa kwanza, nisije nikasita nikimwambia Namgyal alete nini:
Soksi zangu nene, za sufu ya mbuzi.
Kamba za viatu vya barafu, ziko nyuma ya mlango.
Aprikoti kavu, mfuko mmoja.
Dawa ya kifua, lakini muuguzi amsikilize kwanza.
Shali ya kumbebea mgongoni.
Kunzang mwenyewe, kofia mbili.

Na mama mkwe, akikubali.