Kadilaki ya Kazimir

Jumanne, 2 Oktoba 2012
Simu asubuhi. Mwanamke wa huko Monroe, simjui. Anasema baba yake amefariki, shamba limeuzwa, ghala litabomolewa, kwa hiyo nikachukue gari la mzee Kazimir. Nikamwambia amekosea namba. Akasoma jina herufi kwa herufi. Akasoma na anwani yetu.
Gari gani? Kadilaki. Ya mwaka sitini na nne. Ipo pale miaka ishirini na minne, chini ya turubai, na mzee alikuwa akija Jumamosi kuing'arisha.
Kazimir, mume wangu, alifariki Aprili. Siwezi kumuuliza.
Nimepika kabichi. Imeungua.

Alhamisi, 4 Oktoba
Renata kanipeleka. Binti yangu huyu hana haya. Turubai lilipoondolewa tu — "Mama! Baba alikuwa na mchepuko!" Akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani makavu. Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba wangu.
Ni ndefu mno. Ya buluu iliyopauka, viti vyeupe, mikia miwili nyuma kama ya samaki. Inang'aa. Hakuna hata doa la kutu, na Michigan hii, na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji, inayokula vyuma!
Naandika ili niseme ukweli hata kama hakuna atakayeusoma. Kazimir alipachika milango ya magari kiwandani miaka thelathini na minane, na kiwanda chake hakitengenezi Kadilaki. Baba yangu alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi palepale. Kwetu kuegesha gari la wapinzani, la kiwanda kingine, mbele ya nyumba ni kumtemea mate jirani anayekula kwa gari letu. Na aliyeusimamia mwiko huo kuliko baba alikuwa ni mimi. Siku ya ubatizo wa Renata shemeji Walenty alikuja na gari la wapinzani. Nikamwamuru akaegeshe kanisani, arudi kwa miguu. Theluji ilikuwa magotini. Kafika na keki imelowa.
Nilitafuta kwenye kijisanduku cha mbele garini. Nilitegemea nini — hereni? Kitambaa cha kung'arishia tu, na hati ya gari. Majina mawili. Lake, na langu chini yake. Sahihi yangu kaitia yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kulala upande.
Sikumwonyesha Renata.

Ijumaa, 5 Oktoba
Nimewapigia wale wa hisani wanaowaletea wazee chakula cha moto nyumbani. Wanapokea magari, wanayauza mnadani, wananunulia wazee chakula. Walimletea Kazimir supu kila siku miezi saba, hata alipokuwa anaweza kunusa tu.
Aliyepokea simu aliuliza gari linawaka? Linawaka. Akauliza mbona nalitoa, zuri hivyo. Nikasema si letu. Watakuja tarehe 22, saa nne.
Basi. Limekwisha.

Jumatano, 10 Oktoba
Halijakwisha. Ghala linabomolewa kesho, kwa hiyo gari limeletwa hapa. Halienei gerejini. Lipo nje, mbele ya nyumba hii aliyoniachia baba yangu, mchana kweupe!
Nimelifunika kwa shuka. Shuka la kwanza limefika kwenye kioo. La pili limefika mlango wa nyuma. Mikia imebaki nje. Nimeongeza kitambaa cha meza cha Krismasi.
Jirani wa kushoto kapita na mbwa mara tatu. Mbwa mwenyewe amechoka.

Jumapili, 14 Oktoba
Baada ya misa Ferdynand Nowicki alinifuata hadi kwenye ngazi. Alisimama na Kazimir mstari mmoja kiwandani, mlango wa kulia yeye, wa kushoto Kazimir. Kavua kofia. Kaizungusha mkononi.
"Shemeji, nasikia bibi amekuja mjini."
"Bibi gani?"
"Ile ya buluu."
Kumbe alijua. Nikamuuliza nani mwingine. Akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia. Mstari mzima! Stefan wa idara ya rangi, marehemu Bruno, hata padri wa zamani. Jumamosi zote zile za kwenda kuvua ziwani walikuwa ghalani Monroe, wanaling'arisha gari, wanakunywa bia, wanakaa ndani kwa zamu. Na samaki? Niliuliza. Samaki walinunuliwa njiani, shemeji. Walishaparwa magamba kabisa.
Miaka ishirini na minne nimewasifu wale samaki.
Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilijidhani ndiye kata.
"Mbona hakuniambia?"
Ferdynand alitazama viatu vyake. "Tulimsukuma. Akasema bado. Akasema siku utakayosimulia habari ya Walenty na ile theluji ukacheka, siku hiyo hiyo atakuleta uione. Kila Krismasi ulikuwa unaisimulia. Sikukuu ikipita tunamuuliza, je, kacheka? Anasema bado."
"Mlikuwa mnaniogopa?"
"Sisi? Ah, shemeji." Kavaa kofia. "Sana."
Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikuvua koti mpaka jioni.

Jumatatu, 15 Oktoba
Inauma. Niseme tu, inauma. Si gari. Ni ule upole wake. Nilidhani ninaishi na mtu asiye na neno, nikajisifu kwa dada zangu kwamba nyumbani kwangu hakuna ugomvi. Kumbe mtu alikuwa ananisubiri.

Jumatano, 17 Oktoba
Nimemsimulia Renata yote. Anasema wapigie simu wale wa chakula, futa. Wapelekee hundi badala yake. Nimekataa. Nilitoa neno, na ile supu ilikuwa ya kweli.
Anasema, "Mama, neno lako hilo ndilo lililomfanya baba ale samaki wa kununua."
Nimemkatia simu. Halafu nimempigia tena. Hakupokea.

Jumamosi, 20 Oktoba
Upepo umechukua kitambaa cha Krismasi. Sikukirudisha. Nimeondoa na mashuka.
Jirani alisema, "Gari zuri, Leokadia," akaingia ndani haraka.

Jumatatu, 22 Oktoba
Saa nne kasoro. Lori la kubebea magari limefika mapema. Dereva ni baba mwenye ndevu, mtaratibu, kapiga picha pande zote. Anataka hati, sahihi na ufunguo. Hati ninayo. Nilipochukua kalamu niliwaona dirishani.
Watatu. Ferdynand, Stefan, na mwingine mwenye fimbo ambaye nimemsahau jina. Wamevaa makoti ya misa. Wamesimama upande wa pili wa barabara, wima, kana kwamba jeneza linatoka.
Nilifungua mlango. Nikasema njooni. Wakatazamana. Hakuna aliyeinua mguu! Wazee wa miaka themanini!
"Njooni, nimesema!"
Hapo wakaja mbio, kwa kadiri ya magoti yao. Ferdynand aliniuliza kama wanaweza kukaa ndani mara moja, dakika tu, kabla haijakwenda. Nikasema wajipanguse viatu. Wakajipangusa, mmoja mmoja, kwenye majani.
Dereva ananiambia taratibu, "Mama, saa tano nina gari lingine la kuchukua." Nikamwambia kuna kahawa jikoni. Yupo hapa mezani mbele yangu, anakunywa, anatazama saa, ananitazama mimi nikiandika. Anadhani ninajaza fomu.
Mstari wa sahihi bado mtupu. Neno langu nalijua. Sikatai, nitatia nikirudi. Lakini wa kutia sahihi safari hii ni mimi mwenyewe, na kiti cha usukani wamekiacha wazi. Watatu wote wamejibana upande mwingine na nyuma. Wanatazama mlangoni.
Nimeingia kuchukua miwani ya kuendeshea, ndiyo sababu niko ndani. Imo mfukoni tayari.
Honi! Mtaa mzima umesikia. Ni Ferdynand, nani mwingine, kajinyoosha mpaka kwenye usukani.
Mwache apige.