Mama Mkwe Ndiye Anayefundisha Darasa Langu la Mtandaoni

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, na naomba haraka, maana haya nayaandika nikiwa nimejifungia ndani ya stoo ya vifaa ya chuo, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na walioniuliza nimewaambia nahesabu spana.

Mimi ni mkufunzi wa ufundi bomba, huu mwaka wa ishirini na tatu. Wanafunzi wangu ni wanagenzi, watu ambao tayari wako kazini, kwenye mahoteli, hospitali na viwanda, wanajifunza kazi huku wanaifanya, na zamani walikuwa wanakuja kwangu karakana siku moja kila wiki, nawaonyesha kwa mikono yangu, nao wanarudi kwenye kazi zao, na sikuwahi kusikia malalamiko. Mwaka huu mkuu wa chuo akatuita ukumbini, akasema waajiri wamechoka kuwakosa watu wao siku nzima, kwa hiyo masomo yanahamia mtandaoni, mwanagenzi atajifunza palepale kazini kwa simu yake, na sisi wakufunzi tutashikwa mkono na afisa kutoka mradi unaosaidia vyuo kama chetu. Afisa mwenyewe ni dada mchangamfu kweli, hana baya, ila kila sentensi yake ina neno "bofya", bofya hapa, bofya pale, ukikwama bofya tena, mpaka tukambandika jina la Bi Bofya.

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, nilishapotea. Nikamtazama jirani yangu, mkufunzi wa kuchomelea vyuma, nikaona anatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na mimi nikatikisa changu. Bi Bofya akauliza, "Kuna swali?" Tukajibu wote kwa pamoja, "Hakuna!"

Sasa nyumbani kwangu anaishi mama yake mke wangu. Huyu mama alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini na moja, anaunganisha watu, na tangu astaafu simu yake haijawahi kupumzika. Mimi ni mtu wa kumheshimu mkwe, chumba alichokaa yeye mimi huwa napita upesi nikiwa nimeinamisha kichwa, lakini jioni ile nilikaa mezani nikahangaika na ule mfumo mpaka ukanifungia nje mara nne, na yeye alikuwa ananitazama kutoka kwenye kochi. Akasema, "Baba, lete hiyo simu kabla hujaivunja." Akaikamata, ta ta ta, picha yangu ikatokea, jina langu likatokea, na chini yake yameandikwa majina ya wanagenzi wangu ishirini na sita.

Basi ndivyo ilivyoanza, mshauri. Kwanza aliniwekea masomo tu. Kisha wanagenzi wakaanza kuuliza maswali kwa maandishi, yeye anasoma kwa sauti, mimi najibu nikiwa bafuni, yeye anaandika. Kisha akaanza kujibu ya rahisi bila kuniuliza. Kisha na ya magumu. Siku moja nilimkuta anamweleza mtu wa kiwanda cha maziwa jinsi ya kupima mteremko wa bomba la maji machafu, nikasoma neno kwa neno kutafuta kosa, sikuliona. Na anajibu vizuri kuliko mimi! Mimi mtu akiniuliza jambo la kijinga namwambia ni la kijinga. Yeye anaandika, "Swali zuri, mpendwa. Umeshakula lakini?" Wanagenzi wakaanza kunisimamisha njiani. "Mwalimu, siku hizi umekuwa mpole sana." Bi Bofya akatazama takwimu zake, akakuta darasa langu ndilo linalojibiwa haraka kuliko yote, na Alhamisi hii nimepangiwa kusimama mbele ya wakufunzi wa vyuo kumi na viwili kama mfano wa kuigwa.

Ningekuwa nacheka kama isingekuwa koki.

Tulirekodi somo la kufunga koki kuu ya maji. Mama alishika simu, na kwa vile kila tukirekodi kichwa changu kinakatwa, akawasha ile kamera ya mbele ili nijione. "Inua uso, baba, unaonekana kama mtu wa picha ya kitambulisho." Nikainua uso, nikazungusha koki, nikasema kama ninavyosema siku zote karakana: "Unazungusha hivi, hivi, hivi, mpaka igome." Tukapakia. Tukapongezana.

Ninaye mwanagenzi mmoja, mama wa watoto wawili, yuko kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Ni mtu makini, hajawahi kukosa somo. Wiki iliyopita msimamizi wake alimwambia afunge koki, afungue kiungo, abadilishe mpira. Akaitazama video yangu mara tatu, simu kaiegemeza kwenye kopo la sabuni, akazungusha "hivi" mpaka ikagoma, akafungua kiungo. Maji yakaruka mpaka darini. Shuka mia mbili zilizokwisha pigwa pasi zililowa, na msimamizi mwenyewe alilowa mpaka soksi. Akaandika barua chuoni kwamba huyu mtu hamtaki tena, na asiye na mahali pa kazi kwetu hamalizi mafunzo.

Mkuu wa chuo akatuita ofisini, mimi na yule mwanagenzi. Mama wa watu akasema, "Nilifanya kama mwalimu alivyoonyesha kwenye video. Nyumbani najua bomba linafungwa kwa kulia, lakini nikasema labda hizi kubwa ni tofauti, kwa sababu mwalimu ameonyesha kushoto." Mkuu akanigeukia. Na mimi, mshauri, mtu mzima mwenye ndevu, nikasema, "Huenda hakuangalia vizuri."

Yule mama akasimama. Akasema, "Sawa, mwalimu." Akachukua pochi yake, akatoka.

Nyumbani nikamsimulia mama mkwe huku nikitingisha kichwa kumlaumu mwanafunzi. Yeye akafungua ile video. Akaitazama. Akaniita, "Baba, njoo. Mbona jina la chuo kifuani kwako linasomeka kinyumenyume?" Nikainama kutazama, nikaona ni kweli. Ile kamera ya mbele inageuza kila kitu kama kioo. Kulia kwangu ndiyo kushoto kwa anayetazama. Nimewafundisha watu ishirini na sita kufungua maji nikidai nayafunga.

Mama akaniambia niende chuoni kesho yake asubuhi niseme ukweli. Nikamwambia ngoja kwanza Alhamisi ipite. Akaweka simu mezani, akasema, "Basi mimi nimeacha kazi." Tangu siku hiyo haniiti tena baba, ananiita "Mkufunzi", na sahani yangu anaiweka mezani kama mtu anayekabidhi barua ya kufukuzwa. Maswali ya wanagenzi yamefika arobaini na matatu hayajajibiwa, na Bi Bofya ameniandikia kuuliza kama naumwa.

Nikisema ukweli, mkuu atajua kwamba darasa langu linaendeshwa na mkwe wangu, wenzangu watanicheka mpaka nistaafu, na huenda kazi ikaniponyoka. Nikinyamaza, yule mama anapoteza mafunzo ya mwaka mzima. Nifanye nini? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya barua.

Ni mimi, Fundi wa Stoo.

*

Fundi wa Stoo,

Barua yako ilinifikia Jumanne, wewe unapanda jukwaani Alhamisi, na gazeti hili linatoka Jumapili. Nikaona nikikujibu hapa tu nitakuwa nakutumia mwavuli baada ya mvua. Nikakupigia. Simu ikapokewa na mama mkwe wako, kwa sauti iliyonifanya nikae wima kwenye kiti changu: "Habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?" Amegoma kuwajibu wanafunzi wako, lakini simu ikilia mwili wake haumruhusu kuiacha. Tukazungumza dakika arobaini kabla hajakupa. Kwa hiyo usidhani nimesikia upande mmoja.

Niliyokuambia siku ile nayarudia hapa, kwa sababu ninawajua wasomaji wangu, na wewe hauko peke yako katika hili.

Nakuhurumia. Mtu aliyefundisha kwa mikono miaka ishirini na tatu hawezi kupewa siku tatu na skrini akaambiwa sasa wewe ni mpya. Kutoelewa si kosa. Kuomba msaada kwa mkwe si kosa pia, umepata msaada ambao vyuo vizima vinautafuta. Hata kamera si kosa, nani alikuambia kwamba inageuza?

Kosa lako lina maneno matatu. "Huenda hakuangalia vizuri." Aliangalia mara tatu, bwana! Aliangalia vizuri kuliko wewe uliyeirekodi. Alikuamini wewe akaacha kuamini mkono wake mwenyewe, na wewe ukamlipa kwa kumtupia lawama mbele ya mkuu wa chuo, kisha ukakimbilia stoo. Ona haya kidogo, halafu simama.

Na lile neno lako "hivi". Karakana linatosha, kwa sababu mwanafunzi amesimama begani kwako. Mwanagenzi aliye peke yake kwenye chumba cha kufulia hana bega lako, ana maneno yako tu. Mwambie kulia. Mwambie kama saa inavyokwenda. Mwambie afungue bomba lililo mbele ya koki kwanza aone kama maji yamekatika kabla hajagusa kiungo. Mimi sijui kitu kuhusu mabomba, haya nimeambiwa na mama mkwe wako.

Nikakuagiza uondoe ile video kabla hatujakata simu. Ukasema hujui kuiondoa. Nikasubiri. Nikakusikia unaita, "Mama, samahani, naomba unifundishe." Hukusema nifanyie, ulisema unifundishe, na kwa hilo nikakupa alama.

Mengine umenieleza mwenyewe Ijumaa, na kwa ruhusa yako nayasimulia. Jumatano asubuhi ulikwenda hotelini kwa miguu yako, ukamwomba msimamizi akupeleke kwenye koki, ukamwonyesha video kisha ukamwonyesha koki. Akaizungusha koki kwa mkono wake mwenyewe. Akauliza, "Kwa hiyo nililoweshwa na mwalimu?" Ukajibu, "Ndiyo, mzee wangu." Amemrudisha mwanafunzi wako, kwa sharti kwamba wewe ufike pale mara moja kila wiki mbili, kwa sababu hataki tena kufundishiwa watu na simu peke yake. Na mimi nasema ana akili kuliko kamati nzima iliyopanga jambo hili.

Kutoka hapo ukaenda kumwambia mkuu wa chuo ukweli wote, ukapata barua ya onyo. Umestahili. Iweke vizuri, usiipoteze.

Alhamisi ukapanda jukwaani, ukawasimulia wakufunzi wa vyuo kumi na viwili habari ya mama mkwe, kamera na shuka. Walicheka, ulijua watacheka. Kisha Bi Bofya akasimama, hakucheka hata kidogo, akauliza ukumbi: "Nani mwingine darasa lake linaendeshwa na mtu wa nyumbani?" Mkono mmoja ukapanda nyuma kabisa, darasa lake linaendeshwa na mke. Mwingine, lake na karani wa ofisi. Mwingine, lake na jirani. Ukahesabu mikono tisa. Dada wa watu akakaa chini, akafuta ratiba yake ya mwezi mzima, akasema, "Basi ni mimi niliyekwenda mbio. Tuanze upya, na mtu akipotea aniambie palepale." Sasa atakaa na kila mkufunzi mmoja mmoja, kwenye karakana yake, na vifaa vyake. Huo ndio msaada. Siku tatu za kubofya ukumbini zilikuwa hotuba.

Bado hujamaliza. Yule mama wa chumba cha kufulia umemrudishia kazi, hujamrudishia heshima. Ulimkosea ofisini mwa mkuu, kwa hiyo mwombe radhi ofisini mwa mkuu, mkuu akiwa ameketi palepale alipokuwa ameketi. Usimwandikie ujumbe. Usimpelekee zawadi. Sema, "Uliangalia vizuri, mimi ndiye niliyekosea," kisha funga mdomo umwache aseme anachotaka, hata kikiwa kirefu. Mkuu wa chuo apeleke barua mpya hotelini ya kumsafisha, na nakala apewe yeye.

Mama mkwe wako aulizwe kwa heshima kama anataka kuendelea, na akikubali jina lake liandikwe kwenye mfumo karibu na lako, herufi za ukubwa uleule. Akikataa, usimbembeleze.

Na yale maswali arobaini na matatu ni ya kwako. Keti nayo Jumapili hii baada ya kusoma haya, ujibu kwa kidole kimoja kama huna kingine, pole pole, na usipojua andika kwamba hujui, utajua kesho. Anza na lile lililokaa muda mrefu kuliko yote. Aliyeliuliza yuko kazini, ameshika spana, anakusubiri.