Mlima Mtupu Unaoitwa Msitu

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, 3 Agosti.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Kifua chako kimetulia, au baridi ya huko bado inakusumbua? Sisi tunashukuru Mungu. Mama magoti yanamwuma, ila mdomo ni mzima kabisa. Jana kamfukuza muuza mkaa mpaka barabarani.

Sasa nikupe habari iliyoninyima raha. Juzi alikuja bwana mmoja, eti mtaalamu wa misitu, viatu vinang'aa. Akaketi kwenye benchi la wateja wangu, akaeleza kwamba nchi zimekubaliana kupunguza hewa chafu inayoongeza joto duniani, na kwa kuwa miti inaivuta hewa hiyo, kila nchi inahesabu misitu yake. Mpaka hapo sikuwa na neno.

Nikamwuliza habari za mlima wa ng'ambo ya mto, ule ambao kampuni ya mbao iliufyeka ukabaki visiki. Eti huo bado ni msitu! Wamesema watapanda tena, basi kwenye hesabu haujatoka. Nilitoka nje nikautazama upya, nisije nikawa nimepofuka. Vumbi tupu.

Na miti ya marehemu baba? Hiyo, anasema, haiongezi kitu, ilikuwepo kabla hawajaanza kuhesabu. Hapo akashusha sauti: tuikate, tupande miche, ndiyo itakayohesabiwa. Mbao atachukua nani? Kampuni ile ile. Nikajua hapa pana mchezo.

Mama hajui lolote. Maji bado anateka kwenye chemchemi iliyo katikati ya miti hiyo. Ng'ambo walipofyeka, za kwao zilikauka zote. Naogopa, mdogo wangu.

Nikamwambia bwana yule shamba ni letu sote wawili, bila wewe haukatwi hata mti mmoja. Akatabasamu.

"Kibogoyo hana shida. Tumeshaongea."

Nikaacha kushona. Jina hilo ni lako la humu ndani tu, tangu ulipong'oka meno ya mbele. Hata wifi sidhani kama analijua. Yeye kalitoa wapi? Na Ijumaa anarudi na wakataji.

Msalimie wifi, uwabusu watoto. Shangazi na mjomba dereva wanakusalimu.

Mama anakuombea kila asubuhi. Mungu azipokee dua zake, akupe na moyo wa kuniambia kweli: umekubali?

Ni mimi nikupendaye, na leo ninakuogopa kidogo,
Dada yako.