Karatasi ya Agincourt

Jumamosi, Aprili 6, 2013
Nimekwenda kwa Shahida, mhasibu, anijazie fomu za kodi. Kazaliwa Mwanza, Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Kasoma karatasi yetu ya talaka, akavua miwani. Mama Jackie, nani kakuandikia hivi? Wasimamizi wetu wa ndoa, nikamjibu, sebuleni kwao, mtaa wa Agincourt huku ughaibuni.
Ingeandikwa matunzo ya mtoto, nisingekatwa kodi hata senti. Imeandikwa matunzo ya mke — yote! Kwa hiyo ni kipato changu. Nadaiwa dola elfu mbili na ushee. Na Cyprian, baba Jackie, anapunguziwa kodi kwa hela hizo hizo!
Nimepitiliza kituo cha basi.

Jumapili, Aprili 7
Sikwenda misa. Da Josephine, msimamizi wetu, angenikumbatia, ningemtukana.
Ni yeye aliyesema tuandike ya mke, watu wasije wakasema nimetupwa. Mwanasheria tulimkwepa, tusijianike. Nikashukuru! Nililia kwa kushukuru, mjinga mimi. Cyprian alisaini upesi, chai haijapoa.

Jumanne, Aprili 16
Nimempigia Cyprian. Shahida anasema ya mwaka jana yameshapita, ila karatasi mpya itaniokoa mbele ya safari. Cyprian kadai hawezi kuwavunjia wasimamizi heshima. Heshima! Nimemkatia simu.

Jumapili, Aprili 21
Jackie karudi kutoka kwa baba yake. Kwa Kiingereza chake kaniambia Dad karudishiwa pesa za kodi, kanunua TV kubwa kama ukuta. Eti na sisi tutanunua lini?
Nimemfokea. Hana kosa, mtoto wa watu. Nina hasira.

Jumapili, Aprili 28
Naandika chooni kwa Da Josephine, nyuma ya risiti. Mlango nimefunga.
Kikao tena, vitumbua tena. Karatasi mpya nimeileta mwenyewe: matunzo ya mtoto. Cyprian kaisoma mara mbili, akatabasamu. Atasaini — lakini kama hapati nafuu ya kodi, kiasi nacho kishuke. Kafuta mia tisa za kila mwezi, kaandika mia tano. Mia tano! Jackie anavaa viatu namba saba sasa. Da Josephine kanishika goti: mdogo wangu, kubali, yaishe.
Nikasema naomba kwenda msalani.
Namsikia Cyprian huko nje. Mwacheni, anawaambia, atasaini tu. Otilia hajawahi kukataa mbele za watu.
Kweli, sijawahi.
Da Josephine anagonga. Anauliza kama niko salama. Anagonga tena —