Foleni Iliyovuka Barabara

Karakana ya Simu na Kompyuta,
Chumba Na. 2, Kiwanda cha Zamani cha Sabuni.
Jumanne, tarehe 9 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kichwa,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Yale mafua yake yameisha, au bado anazungumzia puani? Na mtoto, ameota jino la pili? Mama analiulizia hilo jino kila siku utadhani ni lake. Sisi huku, nikisema hatujambo nitakuwa nimeanza barua kwa uongo, na uongo mmoja niliousema wiki iliyopita unanitosha. Mimi mzima wa mwili. Baba mdogo bado yuko hospitali. Tulia, usome taratibu.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu. Simu yangu iko polisi. Karatasi hizi fundi cherehani wa chumba cha tatu atazipiga picha akutumie. Lakini hata ningekuwa na simu ningekuandikia hivi hivi, kwa sababu kwenye simu wewe hujibu kabla hujamaliza kusoma, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho bila kunikatiza.

Nianze na zile simu zenyewe, maana wewe unazijua kwa maandishi, mimi nazijua kwa sura za wenyewe. Kampuni ilipotuma lile toleo jipya la mfumo wa simu, kila simu iliyowahi kubadilishwa kioo au betri na fundi asiye wao ilizimika, ikabaki na sentensi moja tu, kwamba imefanyiwa matengenezo yasiyoruhusiwa. Kwa wateja wetu peke yao zilikuwa arobaini na moja. Mtu amenunua kifaa, kiko mfukoni mwake, halafu aliyekiuza anakizima akiwa bara jingine kwa kosa la kioo alichobadilisha Baba mdogo. Hapo tuko pamoja, Kichwa, na sijageuka. Mpaka leo, pamoja na yote haya, nasema kitu nilichonunua ni changu: nikifungue, nikitengeneze, nikiwekee programu niitakayo. Ulipokaa siku nne ukaandika ile programu ya kuzifungua, ukaitoa bure na kila mtu aone ilivyoandikwa, nilitembea mtaa mzima kifua mbele.

Ila hukuishia kwenye programu. Ulikuwa unabishana mtandaoni, kwenye kundi lako, na wale mashabiki wa kampuni, wakakutukana, ukapandwa na hasira. Ukaandika: "Anayeuza simu kisha akaifunga ni mwizi, na mwizi mnajua dawa yake." Ukaweka na picha ya duka la Wakala, muuzaji wa simu za kampuni, lile la kioo ng'ambo ya barabara yetu, picha niliyokutumia mimi mwenyewe. Watu elfu tisa wakaipenda. Huko uliko labda hilo ni tusi tu. Lakini wewe umekulia huku. Umewahi kumwona mtu akiitiwa mwizi sokoni, ukanishika gauni kwa mikono miwili, ukajikojolea.

Nami sikuandikii kama mtu safi. Nilipolisoma nilicheka mpaka machozi, nikalichapa kwa herufi kubwa, nikalibandika mlangoni petu.

Wakala unamkumbuka. Ndiye aliyekuwa akivuka barabara kila asubuhi na kikombe chake cha chai kuja kubishana na Baba mdogo. Yeye alikuwa akisema simu iliyo wazi kila mhuni ataingiza vidudu vyake, bora kampuni ishike funguo. Baba mdogo akimwambia hata mkewe wa ndoa hampi funguo zote, sembuse watu asiowajua. Miaka sita ya ubishi, na sijawahi kuwaona wakiachana bila kucheka. Tena simu zilipozimika, ya Wakala nayo ilizimika, maana kioo chake alikuja kukibadilisha kwetu kwa kujificha. Hilo hukulijua. Hukuuliza.

Sasa nikueleze Jumamosi. Unaijua sheria ya Baba mdogo: simu haifunguliwi kama mwenyewe hayupo. Lazima akae mbele ya meza aone kila skrubu ikitoka na ikirudi. Tangu aliposingiziwa miaka ile kwamba ameiba betri ya mtu, hakubali kuachiwa simu hata dakika tano. Nilimwambia, baba, watu ni wengi, waache simu tuwaandikie vikaratasi, waje Jumatatu. Akakataa katakata. Kufika saa nne asubuhi tulikuwa na watu arobaini juani, wamejipanga kutoka mlangoni mpaka kwenye nguzo ya umeme, wameshika simu zilizokufa, maandishi yako kushoto kwao na duka la Wakala mbele yao. Waliokuwa na simu ya pili walikuwa wanawasomea wenzao kwa sauti yanayoandikwa kwenye kundi lako. Kila ulipotupia neno, foleni ilichemka.

Maelekezo yako yanasema kabla ya kufungua simu, vitu vya mwenyewe vinakiliwe kwanza. Kunakili kunachukua dakika arobaini. Niliitazama ile foleni, nikairuka hiyo hatua. Simu saba zilifunguka salama. Ya nane ilikuwa ya mwashi mmoja, pande la mtu, mpole, saruji imemkaukia mpaka kwenye nyusi. Ilifunguka ikiwa tupu kabisa. Ndani yake kulikuwa na sauti za marehemu mkewe, zile jumbe za kumuuliza atarudi saa ngapi na mbona hali chakula alichofungiwa. Hakuwa na nakala mahali pengine popote. Alinishika kiganja, akaniuliza kwa sauti ya chini, ziko wapi. Baba mdogo alikuwa ameinamia simu nyingine, hakusikia.

Niliogopa, Kichwa. Nikanyoosha bisibisi kuelekea ng'ambo ya barabara nikamwambia, "Waliofunga ndio waliofuta."

Mwashi aliniachia kiganja. Alivuka barabara, akaokota tofali lililokuwa likizuia mlango wa duka usijifunge, akampiga nalo Wakala usoni wakati Wakala bado anamwambia karibu. Nilisikia taya likivunjika mimi nikiwa huku. Ndipo mtu mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Mwizi!" na foleni nzima ikavuka.

Ni watu niliokuwa nawaita kwa zamu zao. Walikivunja kioo cha duka kwa mateke, wakamburuta Wakala juu ya vile vipande mpaka barabarani. Walimpiga kwa viti vyake, kwa nondo za ile nyumba inayojengwa, kwa simu mpya alizokuwa amezipanga dirishani. Mama mmoja aliyekuwa wa kumi na mbili, aliyeniomba maji ya kunywa muda si mrefu kabla, na akanishukuru vizuri sana, nilimwona anamkanyaga kichwani kwa kisigino, huku mkono mmoja ameinua simu anarekodi. Alikuwa anahakikisha picha isicheze. Damu ilikuwa nyingi kiasi kwamba watu walikuwa wanateleza, wanashikana wasianguke, wanaendelea kupiga. Mwingine akaja na petroli kwenye chupa ya maji.

Baba mdogo alikwenda. Miaka sitini na tatu, lenzi yake ya kazi bado iko kwenye paji la uso. Aliwapenya, akamlalia Wakala, akawa anapiga kelele, "Huyu ni wetu! Na yake imezimwa!" Hakuna aliyesikia, au walisikia wakaona analinda mwizi mwenzake. Mkono wa kulia aliufunika juu ya kichwa cha Wakala, nao wakaupiga huo mkono kwa nondo, wanaupiga kama watu wanaoponda kokoto, na yeye hakuutoa. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa mlangoni kwetu, nimeshika bisibisi. Miguu ilikataa. Aliyeipiga teke ile chupa ya petroli ni mwashi yuleyule, alipomtambua mzee aliyekuwa amekaa naye meza moja. Kisha polisi wakafika, wakapiga risasi hewani, watu wakatawanyika. Wengine walirudi baadaye kwangu kuulizia zamu zao.

Wakala mpaka leo hajazinduka. Taya limevunjika mara mbili, jicho la kushoto limetolewa. Baba mdogo ana mbavu nne zilizovunjika, na madaktari wamemkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kile cha gumba kimebaki ila hakikunjiki. Vile vidole vilikuwa vinaokota skrubu ambayo mimi siioni bila taa. Alipoamka aliuliza kama watu wamerudishiwa simu zao. Nikamwambia ndiyo, baba. Akauliza kama kila mtu alikuwepo simu yake ilipofungwa skrubu.

Juzi Jumapili ulipompigia Mama ukaomba kuongea nami, uliniambia umesikitika sana, lakini programu ni huru, na ukishampa mtu kitu huru humchagulii akitumie kwa lipi, hiyo ndiyo maana yake. Ulisema vizuri. Siku zote unasema vizuri. Basi jana kuna mtu ameichukua programu yako, kama unavyoruhusu, akaiunganishia ramani ya maduka yote ya ile kampuni, na sura ya kila muuzaji. Ameiita Ramani ya Wezi. Wakala amepigwa alama nyekundu, maana yake kazi imekwisha. Anayefuata ni Kicheko, yule uliyesoma naye darasa moja, ana duka karibu na posta. Wameweka na siku: Jumamosi hii, saa nne. Kicheko ana mimba ya miezi saba. Kampuni imemwambia akifunga duka ajihesabu hana kazi, na mume hana. Nimekwenda polisi kuwaonyesha, wakaniambia maneno ya mitandaoni wanayapata kila siku, wangekuwa wanayafuata yote wasingelala.

Sikuombi uifute programu. Najua haifutiki, nakala zimeshasambaa, na wapo wanaoihitaji kwa haki. Nataka ulirudishe neno lako, ambalo hukuliandika na mtu mwingine. Wale watu hawamsikilizi askari wala kiongozi wa dini, wanakusikiliza wewe. Waandikie kwamba ulikosea. Usiwaandikie kwamba umesikitika, kusikitika hata mimi nasikitika kwa timu ikifungwa. Andika ulikosea. Andika Wakala hakuwa mwizi, alikuwa muuzaji ambaye na simu yake ilizimwa. Andika kwamba sauti za mke wa mwashi nilizifuta mimi, dada yako wa tumbo moja, kwa haraka zangu, halafu nikamsingizia mwingine. Watakutukana. Watasema kampuni imekununua. Nusu ya hao elfu tisa watakukimbia. Acha wakimbie.

Yangu nimeshaanza. Jana nilijipeleka polisi nikasema yote, ndiyo maana simu wanayo wao, na Jumatatu ijayo nitaitwa tena. Kisha nikaomba kumwona mwashi mahabusu, nikamwambia na yeye. Nilidhani atanitukana. Alikaa sakafuni, akaanza kujipiga kichwa ukutani, taratibu, kama mtu anayepigilia msumari, mpaka paji likapasuka na askari wakanivuta nje. Ile sauti ya kichwa na ukuta ninayo mpaka sasa ninavyoandika.

Mengine ya nyumbani ni ya kawaida. Karakana nimeifunga. Yale maandishi mlangoni nimeyabandua, gundi imebaki. Mama anashinda hospitali, anamlisha Baba mdogo uji na kumgombeza kwamba ataushika vipi mkongojo uzeeni. Mama hajui la ramani, na ukimpigia usimwambie.

Msalimie wifi yangu, mwambie namwombea nguvu. Mbusu mtoto shavu lile lenye kishimo. Shangazi na mumewe wanakusalimu, fundi cherehani pia anakusalimu, anasema mwandiko wangu utamsumbua kuupiga picha. Baba mdogo anakusalimu. Hana kinyongo na wewe, nilimuuliza. Mimi ningependa awe nacho kidogo. Mungu akujalie ujasiri, akili alishakupa nyingi mno.

La mwisho. Jumamosi saa tatu nitakuwa nimeshafika posta, nitakaa mlangoni kwa Kicheko, yeye awe ndani. Nimeshamwambia. Alilia, akanikatalia, nikamwambia simwombi ruhusa. Safari hii miguu nimeizoeza: leo nimekwenda na kurudi mara tatu. Sitabeba kitu mkononi. Watakaokuja wengi wao wananijua, nami nawajua kwa simu zao, na atakayetaka kumfikia yule mjamzito atanipitia mimi kwanza. Hesabu siku mwenyewe, leo ni Jumanne.

Usinijibu mimi. Waandikie wao.

Wako akupendaye,
Dada yako.